Shingo ya Mwembe Mbichi

Kijana wa kisa hiki ni wa kutungwa, lakini makosa yake si ya kutungwa. Hufanyika kwenye karakana yoyote ile ambako mtu anataka gitaa la umeme na hana pesa ya gitaa la umeme. Lile kubwa kuliko yote lilikwisha kufanywa Marekani mwaka 1950, na mtu ambaye jina lake leo limeandikwa kwenye magitaa ya dunia nzima. Nitalifikia. Kwanza tumfuate kijana.

Tumweke Mahege, wilayani Kibiti, katika nchi ya korosho, mpunga na mikoko. Ni fundi seremala: milango, vitanda, makabati ya vyombo. Siku za harusi hupiga ridhimu kwenye kikundi cha kijijini chenye kinanda kimoja, ngoma, spika mbili na jenereta. Gitaa lilikuwa la rafiki yake. Rafiki akahamia Dar es Salaam, akaondoka nalo. Harusi ya binamu imebaki mwezi na siku kadhaa, na bei aliyotajiwa kwa simu kutoka Kariakoo ilimfanya akate simu bila kuaga. Akajiambia: mimi ni seremala, gitaa ni mbao, nashindwaje?

Wazo hilo ni zuri, na natamani vijana wengi zaidi wangelipata. Upungufu wake umo katika yale maneno matatu ya katikati. Aliposema gitaa ni mbao, alikuwa na maana kwamba sauti inakaa kwenye mwili wa gitaa, kwa hiyo mwili ukiwa wa mti wa thamani na sauti itakuwa ya thamani. Imani hiyo ndiyo iliyopanga matumizi yake yote. Akamtafuta mtu anayepitisha mbao usiku, akanunua kwake mbao mbili pana za mninga, moja ya kuchonga na nyingine ya kuja kuiuza arudishe deni. Hazikuwa na alama ya nyundo ya maliasili wala karatasi yoyote. Akiba yake karibu yote iliishia hapo.

Mwili ulitoka mzuri, lazima niseme. Mninga ukipigwa randa kali hutoa mng'ao wenyewe kabla ya vanishi. Aliupitisha msasa wa namba kubwa na namba ndogo mpaka watoto wakawa wanakuja kuupapasa. Alipomaliza kuushughulikia mwili ndipo akakumbuka shingo, na mfukoni hana kitu. Nyuma ya nyumba za jirani upepo ulikuwa umeangusha mwembe. Akaomba pande, akapewa bure.

Siku anachonga ile shingo, mjomba wake akapita. Mjomba huyu ni fundi mitumbwi, mtu wa kule deltani, amekuja kusalimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho unachochonga ni nini?"

"Shingo ya gitaa, mjomba."

Mzee akainama akaokota utepe mmoja uliotoka kwenye randa. Haukuvunjika alipoukunja. Akaubana kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vikalowa.

"Mti huu umeanguka lini?"

"Juzi."

"Mimi mtumbwi nauchonga mti ukiwa mbichi. Lakini nikimaliza naupeleka majini, na majini ndiko utakakokaa maisha yake. Hicho chako kitakaa wapi?"

"Nitakipiga vanishi, mjomba. Maji hayataingia."

"Hayataingia. Na haya yaliyomo yatatokea wapi?"

Kijana akacheka kwa adabu, akaendelea na randa. Mzee hakurudia. Kwao watu hawarudii neno kwa mtu mzima anayeshughulika na kazi yake.

Swali la mzee lina jibu, na kila anayetaka kuchonga chombo cha nyuzi anapaswa kulijua. Maji ya mti mbichi hutoka, iwe kwa wiki au kwa miezi, na vanishi huyachelewesha tu. Yanapotoka, mti hunywea. Haunywei kwa urefu, au hunywea kwa kiasi kisichoonekana. Hunywea kwa upana, tena upande mmoja zaidi ya mwingine kulingana na jinsi pete za ukuaji zilivyolala ndani ya ubao. Ndiyo maana ubao mbichi hauishii kupungua, bali hupinda na kujisokota. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao: ubao uliopangwa kivulini, upepo ukipita katikati, huhitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Nasi wa pwani tuna la ziada. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo ubao uliokwisha kukauka hunywa tena kidogo wakati wa masika na kuutoa kiangazi. Mti wa kutengenezea shingo unatakiwa uwe umezoea kwenda na kurudi huko kabla haujawekewa uzi.

Na uzi wenyewe ni mzigo. Seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma, ikikazwa mpaka sauti zake za kawaida, huvuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi. Ni sawa na kumtwisha mtu dumu mbili za lita 20 zilizojaa, na chupa kadhaa juu yake, kisha usimtue usiku wala mchana. Anayetwishwa ni shingo. Mwili umekaa tu mwishoni mwa nyuzi. Ni mnene, ni mfupi, hauna pa kupindia. Shingo ni nyembamba, ndefu, na nyuzi zimepita upande mmoja tu, kwa hiyo kila dakika zinaivuta ijikunje kuelekea kwao.

Sasa nirudi kwenye yale maneno matatu. Gitaa la kawaida, lile la sanduku, kweli huimba kwa ubao: uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao wa mbele, ubao husukuma hewa. Gitaa la umeme halifuati njia hiyo. Chini ya nyuzi pamewekwa pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya, na amplifaya huukuza. Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono Nº1 la Kinshasa alitengeneza pikapu za likembe zake, ala ndogo zinazopigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti ile ikaizunguka dunia. Wapo wapigaji watakaonibishia, nao wana lao la kusema: mti mzito na mti mwepesi haiuachi uzi ufe kwa namna moja. Nakubali. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno mbele ya shingo iliyonyooka na shingo iliyopinda, na kijana wetu alikuwa amelipia ile ndogo kwa akiba yake yote na kuiachia ile kubwa mti wa bure wa juzi.

Leo Fender alikuwa fundi redio katika mji wa Fullerton, California. Sampuli ya kwanza ya gitaa lake la ubao mtupu, mwaka 1949, ilikuwa na mwili wa msonobari, jamii ya mti ule ule unaotoka Sao Hill na kuezekea nyumba zetu. Gitaa hilo lilipoingia sokoni mwaka 1950 kwa jina la Esquire, shingo ilikuwa ya mti mgumu wa nchi za baridi, mkavu, uliochaguliwa kiwandani. Fender aliamini mti huo hauhitaji msaada, hivyo hakuweka chuma ndani. Yalitoka magitaa yasiyofika 50 kwa jina lile la mwanzo, na mengi yakarudishwa yabadilishwe chini ya dhamana, shingo zimepinda. Kabla mwaka haujaisha, shingo zake zilikuwa zimeanza kuwekwa nondo ya chuma ndani, ile inayokazwa na kulegezwa kwa ufunguo. Nataka msomaji aone hapo ni kipi kilichomwaibisha Fender. Hakuna aliyerudisha gitaa kwa sababu ya mti wa mwili.

Baada yake Nathan Daniel wa New Jersey aliuza magitaa ya Danelectro ya bei ya chini kabisa, ambayo mwili wake ulikuwa kiunzi cha mbao rahisi kilichofunikwa hadibodi juu na chini, hadibodi ya namna ile tunayopigia dari. Lakini ndani ya shingo zake alilaza vyuma viwili. Kwenye hadibodi alibana pesa. Kwenye shingo hakubana. Na kabla yao wote, karibu na mwaka 1940, mpiga gitaa Les Paul alifunga nyuzi na pikapu kwenye gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, kisha akabandika ubavuni vipande vya gitaa lililopasuliwa ili watazamaji waone umbo walilolizoea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kijana wa miaka 16 wa London, Brian May, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga gitaa wa kundi la Queen. Agosti 1963 yeye na baba yake Harold walianza kutengeneza gitaa nyumbani kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kununua. Pande la katikati la mwili lilitoka kwenye meza kuukuu, na sehemu zilizobaki ni ubao wa kubandikiza, wa hali ya chini kabisa. Shingo waliichonga kutoka kwenye ubao wa juu wa tanuri la kuotea moto, mti uliokuwa umekaa ndani ya nyumba ukikauka kwa zaidi ya miaka 100. Ulikuwa na matundu ya wadudu. Wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Nondo ya ndani waliikunja wenyewe baada ya kuilainisha kwa moto. Kazi ilichukua kama miaka miwili, na gitaa hilo amelipiga maisha yake yote. Umaskini wao ulikuwa wa kweli, na bado walipofika kwenye shingo waliutafuta mti mkongwe na chuma.

Kijana wa Mahege hakuwa na miaka miwili. Alikuwa na mwezi.

Kulikuwa na kosa jingine alilokwisha kulifanya pasipo kujua. Siku gitaa la rafiki lilipokuwa bado kijijini, alikuwa ameweka kipande cha katoni kwenye shingo yake na kutia alama kila ilipo freti, yaani kichuma kilichokingama shingoni. Gitaa lile lilikuwa la nyuzi fupi kidogo, milimita 628 kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini. Alipofika kwenye kufunga daraja la gitaa lake, akafuata kipimo alichokiona mtandaoni, milimita 648. Freti za gitaa moja, urefu wa gitaa jingine. Freti ya 12 lazima ikae katikati kabisa ya uzi, kwa sababu hapo ndipo sauti inaporudi ile ile kwa juu. Yake ilikaa kwenye milimita 314 badala ya 324. Milimita kumi hizo zinaishusha sauti kwa karibu nusu ya hatua ya freti moja, kiasi ambacho hata asiyejua muziki atakunja uso.

Hakulisikia mapema kwa sababu siku za kwanza alipiga peke yake, tena sauti za karibu na kichwa cha gitaa, ambako kosa bado ni dogo. Gitaa likaimba. Akaita watu. Kisha akalitundika ukutani, nyuzi zimekazwa, akasubiri siku ya harusi.

Siku ilipofika, mwembe ulikuwa umetoa maji yake mengi. Shingo ilikuwa imejikunja kwa mbele hivi kwamba juu ya freti ya 12 kidole cha shahada kingepita chini ya uzi bila kuugusa. Ubao ulikuwa umenywea kwa upana, lakini freti, alizozitengeneza kwa spoku za baiskeli, hazinywei, kwa hiyo ncha zake zilikuwa zimechomoza pande zote mbili. Alipoteleza mkono kwa mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini, zilimchana pale chini ya kidole gumba. Akafuta damu kwenye suruali akaendelea. Kinanda hakishuki sauti kumfuata mtu. Kilikuwa kwenye ufunguo wake, gitaa likawa kwenye wake. Akina mama waliokuwa wamejipanga kuingia na bibi harusi wakasimama mlangoni wakisubiri wimbo uwe wimbo.

Mpiga kinanda alikuwa mtu mzima na mwenye haya. Hakumwambia kitu. Alinyoosha mkono kwenye mixa akashusha sauti ya gitaa mpaka chini, na kijana akapiga usiku mzima bila kusikika, akidhani spika ya upande wake ndiyo iliyokufa. Alikuja kuambiwa kesho yake, na mtoto.

Lilitokea na jingine usiku ule ambalo mimi naliogopa kuliko yote. Alipokaribia maikrofoni kuitikia kiitikio, midomo ilipogusa chuma chake, alipigwa na umeme akarudi nyuma hatua mbili. Watu wakadhani anacheza. Plagi ya amplifaya ilikuwa imekatwa mguu wa ardhi ili iingie kwenye soketi ya jenereta yenye matundu mawili. Nyuzi za gitaa la umeme kwa kawaida huunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Amplifaya ikikosa ardhi na ikiwa na hitilafu, mpigaji anakuwa njia ya umeme kati ya nyuzi na maikrofoni. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani huko Swansea, Wales, Mei 1972, mbele ya wasikilizaji wake. Kwenye mti tunaweza kujadiliana kipi cha bei na kipi cha bure. Kwenye waya wa ardhi sina mjadala na mtu. Kama haupo, usipige.

Baada ya harusi ikabaki deni, na ule ubao wa pili wa mninga. Akaufunga kwenye pikipiki aupeleke Kibiti mjini kwa mteja. Kwenye geti la maliasili akasimamishwa, akaulizwa kwa utaratibu kabisa: iko wapi nyundo, iko wapi TP? Hakuwa na alama ya nyundo wala hati ya kusafirishia. Ubao ukabaki getini na yeye akaandikiwa faini.

Wako watakaosema ni ukali kumtoza kijana maskini kwa ubao mmoja. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Boriti zake zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Uarabuni kwa vizazi na vizazi, na tangu wakati wa Wajerumani msitu huo umekuwa hifadhi kwa sababu ilionekana kwamba usipowekewa mpaka utakwisha. Leo Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndio wenye dhamana nao, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya shoka, kwenye mkomafi wa majini na kwenye mninga wa nchi kavu vilevile. Msitu haumalizwi na meli peke yake. Humalizwa pia na ubao mmoja mmoja wa usiku. Hata wakubwa wamenaswa: kampuni ya Gibson ya Nashville ilivamiwa na maofisa wa serikali ya Marekani mwaka 2009 kwa sababu ya mbao nyeusi kutoka Bukini, na Agosti 2012 ikakubali kulipa adhabu ya dola 300,000. Mpingo na jamii yake yote umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukaingiza mninga wa Afrika. Njia halali ipo, tena haiko mbali. Wilayani Kilwa, kijiji cha Kikole kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, cha usimamizi mwema wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, mwaka 2009, na mpingo wake ukauzwa na karatasi zake.

Kwa gitaa lenyewe, hata hivyo, kijana hakuhitaji mti wa msituni hata mmoja. Mti mzuri kuliko wote kwa shingo ulikuwa umeegemezwa ukutani kwa jirani yake: fremu ya mlango wa nyumba ya zamani iliyobomolewa, ya mninga, iliyokaa ukutani miaka mingi kuliko umri wake yeye. Mninga unasifika miongoni mwa mafundi kwa kutulia. Ukishakauka haunywei ovyo wala hauvimbi ovyo. Ndiyo sababu babu zetu waliufanyia milango. Yeye aliuweka kwenye mwili, mahali ambapo utulivu huo hauna kazi.

Aliyemwonyesha fremu ile ni mjomba, alipopita tena. Safari hii kijana aliuliza mwenyewe. Aliuliza kwanza kama pande la mtumbwi uliokufa lingefaa, maana nalo ni kavu na la zamani.

"La mtumbwi wa maji ya chumvi, liache," mzee akamjibu. "Linaonekana kavu jua likiwaka. Mawingu yakifunga, linatoa jasho."

Ndivyo ilivyo. Chumvi iliyozama kwenye mti huvuta unyevu wa hewani, gundi haishiki sawasawa, na skrubu, daraja na vigingi vya kukazia nyuzi hushika kutu kwa ndani, usikoona. Niongeze mengine mawili ambayo mzee hakuyataja. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, na nguzo kuukuu za umeme, zisiguswe kwa msasa. Dawa hiyo kwa kawaida ina aseniki, na vumbi lake ni sumu unayoivuta kwa pua. Na paleti za bandarini, ambazo ni chanzo kizuri cha msonobari wa bure kwa mwili, zina muhuri: herufi HT maana yake zilipashwa moto, hizo chukua, herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu, hizo waachie wenyewe.

Gitaa la pili lilianza polepole. Fremu ilipasuliwa vipande vitatu virefu, cha katikati kikageuzwa ili mistari yake ikinzane na ya wenzake, vikaunganishwa kwa gundi na kubanwa. Kabla ya hapo kila kipande kilipelekwa dukani na kuwekwa kwenye mzani wa sukari, uzito ukaandikwa kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Wiki iliyofuata tena, na iliyofuata. Ubao unaoendelea kupungua uzito bado unatoa maji. Unaosimama kwenye uzito ule ule umekauka kwa kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Fremu haikupungua kitu cha maana tangu wiki ya kwanza. Fundi wa kuchomelea akamkatia pande la chuma, likazamishwa ndani ya mfereji uliochimbwa katikati ya shingo kwa patasi. Kidaraja cha juu kilikuwa mfupa wa ng'ombe, uliochemshwa na kupigwa tupa. Mwalimu wa hisabati wa sekondari akampangia freti kwa kikokotoo cha simu: chukua urefu wa uzi, gawa kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza; chukua urefu uliobaki, gawa tena kwa namba ile ile, na kuendelea hadi mwisho. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kidaraja, na ya 12 hukaa kwenye 324 kamili. Wakakagua hiyo ya 12 mara mbili.

Mwili wa mninga hakuutupa. Ulikuwa mzima, na hatia yake haikuwa ya mti. Akasogeza mahali pa daraja, akafungia shingo mpya kwa skrubu nne. Akakaza nyuzi na kulitundika, akisema hataliuza wala kulipeleka kwenye harusi mpaka limepitiwa na masika.

Habari ya gitaa linalochongwa Mahege ilikuwa imekwisha kusafiri, yenye sifa na yenye kejeli. Akaja mteja kutoka Ikwiriri, akalijaribu lile la ukutani, akalipenda, akaacha arubuni atengenezewe la kwake, shingo ya mti wowote, mradi liwe tayari Idi. Idi ilikuwa wiki tatu mbele. Kijana akapokea, kwa kuwa deni lilikuwa bado linamdai, na jioni ile ile akaenda kwenye mabanzi kutafuta ubao. Uliopatikana ulikuwa mkorosho uliokatwa mwezi ule. Akaupeleka dukani, akauandika uzito. Wiki moja baadaye akaurudisha kwenye mzani. Mwenye duka akasoma, akamtazama, akamsomea tena.

Akampigia simu mteja. "Kaka, la Idi sitaliweza. Nikupe la baada ya masika au nikurudishie chako?"

Mteja alitaka chake. Akarudishiwa arubuni yote, pamoja na elfu tano iliyokwisha kununuliwa msasa, ambayo ilibidi aikope kwa mpiga kinanda.